Msafiri Haogopi Kirusi, Anaogopa Kukwama

Septemba 19, 2025, Kanuni za Afya za Kimataifa zilizofanyiwa marekebisho zilianza kutumika katika nchi nyingi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Marekebisho hayo yameongeza ngazi mpya ya tahadhari, "dharura ya janga", iliyo juu ya ile dharura ya kimataifa ya afya ya umma tuliyoanza kuisikia mwaka 2009 wakati wa homa ya mafua ya nguruwe. Mjadala mwingi kuhusu kanuni hizi umekuwa mjadala wa serikali na serikali: nani atatangaza, nani atafunga mpaka, nani ana mamlaka ya kumwambia nani asifunge. Ni mjadala wa haki, ila umejengwa juu ya dhana ambayo historia haiiungi mkono, kwamba wakati wa mlipuko safari husimama serikali inaposema zisimame, na huanza tena inaposema zianze. Mambo hayaendi hivyo. Abiria huwa ameshaamua. Mara nyingi huamua siku kadhaa kabla ya waziri kushika kipaza sauti, na akishaamua, hakuna ibara wala kifungu cha kumrudisha kwenye kiti chake ndani ya ndege.

Hoja yangu ni kwamba abiria huyu tumemsoma vibaya. Tunamwona kama mtu aliyekosa takwimu, kwamba akielezwa vizuri uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo kiasi gani, atatulia na kupanga mizigo. Kumbe anabeba hofu tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni hofu ya kuugua. Ya pili ni hofu ya kukwama: mpaka ufungwe akiwa upande usio wake, awekwe karantini kwa gharama zake, ndege ya kurudi ifutwe. Ya tatu ni hofu ya macho ya watu, ya kuwa yeye ndiye anayetazamwa akikohoa, au yeye ndiye atakayesemwa kuwa aliuleta ugonjwa nyumbani. Matangazo yote ya kutuliza watu huishughulikia ile ya kwanza. Hizi mbili nyingine, ambazo kwa maoni yangu ndizo humfanya mtu aghairi tiketi, hazitokani na kirusi. Zinatengenezwa na binadamu, na kwa sehemu kubwa zinatengenezwa na serikali zile zile zinazomwomba asiwe na hofu.

Tukubali kwanza kwamba hofu ya kuugua ina msingi. Mwaka 2003 SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, iliambukiza watu wapatao 8,100 na kuua 774, na ulikuwa ugonjwa uliosafiri kwa ndege kwelikweli. Daktari mmoja kutoka Guangdong, China, akiwa tayari mgonjwa, alipanga chumba katika hoteli ya Metropole, Hong Kong, mwezi Februari, na wageni waliokuwa kwenye ghorofa yake, ya 9, wakaubeba hadi Hanoi, Singapore na Toronto. Aliyeahirisha safari ya Hong Kong mwezi Aprili mwaka ule hakuwa mjinga. Lakini tazama kilichotokea Toronto. Aprili 23 WHO ilitoa ushauri watu wasiende huko bila sababu ya lazima, na baada ya wiki moja ikauondoa. Ushauri uliondoka kwa wiki moja. Watalii hawakurudi ndani ya wiki moja. Hoteli zilihangaika kiangazi chote. Ule ushauri ulikuwa umeshafanya kazi ambayo haikukusudiwa: ulikuwa umeliweka jina la mji kwenye orodha, na kichwani mwa msafiri orodha haifutiki kwa tangazo.

Mwaka 2014 Ebola ilionyesha jambo hilo kwa ukubwa unaochekesha kama usingekuwa msiba. Ugonjwa ulikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, ambako hadi kuisha kwake 2016 ulikuwa umeua zaidi ya watu 11,300. Watalii wa Ulaya wakaanza kughairi safari za kuona wanyama Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, nchi ambazo hazikuwa na mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule. Chukua ramani upime: mtu aliyekuwa amekaa sebuleni kwake Madrid alikuwa karibu na Monrovia, mji mkuu wa Liberia, kuliko tembo wa Serengeti, kwa zaidi ya kilomita 1,000. Na ni Madrid, si Arusha, ambako Oktoba mwaka ule mhudumu wa afya aliambukizwa akimhudumia mgonjwa, akawa mtu wa kwanza kuambukizwa nje ya Afrika katika mlipuko huo. Sikumbuki watu wakighairi safari za Hispania.

Morocco nayo ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la Januari 2015. Ikaomba mashindano yaahirishwe kwa sababu ya Ebola, ikakataliwa, ikanyang'anywa uenyeji, na mechi zikachezwa Guinea ya Ikweta. Wakati huo huo shirika la ndege la Morocco lilikuwa miongoni mwa machache yaliyoendelea kuruka kwenda Conakry, Freetown na Monrovia wakati mengine yamesitisha. Timu ya taifa ya Guinea, iliyozuiwa kuchezea kwao, ilikuwa ikichezea mechi zake za nyumbani Casablanca. Na Desemba Morocco iliandaa Kombe la Dunia la Klabu bila tatizo. Ukitafuta hesabu ya kitabibu katika uamuzi ule hutaipata. Utapata hesabu nyingine, na hiyo inaeleweka: mtalii wa Ulaya akiiona Morocco na neno Ebola kwenye habari moja, hatauliza maelezo zaidi.

Hapo ndipo wanapoingia wale wanaosema tatizo ni elimu. Hoja yao inavutia. Ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Malaria iliua watu wanaokadiriwa kuwa 597,000 mwaka 2023. Lakini mtu atapanda gari bila mkanda kwenda uwanja wa ndege kuulizia kama safari yake imefutwa kwa sababu ya ugonjwa ulioua watu 15. Hisia zinamdanganya, wanasema, mpe namba. Kati ya hoja zote zinazotolewa katika mjadala huu, hii naiona ndiyo dhaifu kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo inayopendwa zaidi na wataalamu.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba ajali haiambukizi. Gari likipinduka leo halisababishi magari mawili yapinduke wiki ijayo na manne wiki inayofuata. Idadi ya ajali za mwaka jana inakueleza vizuri ajali za mwaka huu, lakini idadi ya wagonjwa wa wiki jana katika mlipuko inaweza isikueleze chochote kuhusu wiki ambayo wewe utakuwa hotelini. Mtu anayeogopa ugonjwa mpya wenye wagonjwa wachache anajibu swali sahihi, yaani "utafika wapi?", wakati mtaalamu anamjibu swali jingine, yaani "uko wapi leo?". Udhaifu wa pili waliuona watafiti zamani. Mwaka 1969 Chauncey Starr alikadiria kwamba watu huvumilia hatari waliyoichagua wenyewe mara 1,000 hivi zaidi ya ile wanayobebeshwa. Mwaka 1987 Paul Slovic akaeleza kwamba macho ya watu wa kawaida hayatazami idadi ya vifo peke yake. Yanatazama pia kama jambo linatisha, kama linajulikana, kama mtu ana uwezo nalo, kama linawagusa watoto. Haya si makosa ya hesabu. Ni vigezo vingine, na kwa mtu mwenye familia vinaweza kuwa bora kuliko wastani wa dunia.

Upande wa pili una hoja moja nzito, na sitaki kuipita kama sijaiona. Hofu haimweki mtu mahali salama. Mara nyingi humhamishia kwenye hatari nyingine asiyoitazama. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 Wamarekani wengi waliacha ndege wakaendesha magari, na mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu kama 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu ya uhamaji huo. Katika mlipuko mambo hutokea vivyo hivyo, ila kwenye safari fupi ambazo hakuna anayeziita safari. Wakati wa Ebola watu wa nchi zile tatu waliogopa kwenda zahanati, na waliokuwa na malaria au uchungu wa kujifungua wakabaki nyumbani. Kwa hiyo siwapingi wanaosema hofu inaua. Ninachopinga ni ile dawa yao moja ya kuongeza namba. Yule mama mjamzito alikuwa na sababu: zahanati kweli ilikuwa mahali pa kuambukizwa, na ilikuwa pia mahali ambapo angeweza kuchukuliwa asirudi.

Asirudi. Neno hilo ndilo linalotupeleka kwenye hofu ya pili, na hapo nataka kukaa kidogo. Januari 23, 2020, korona ilipoanza, kama saa nane usiku, mamlaka za Wuhan, China, zilitangaza kwamba mji ungefungwa saa nne asubuhi. Watu wakabakiwa na muda wa saa nane tu wa kuondoka. Meya alisema baadaye kwamba watu wapatao milioni 5 walikuwa wameshatoka, wengi wao kwa ajili ya sikukuu ya Mwaka Mpya. Machi 7 rasimu ya amri ya kuifunga Lombardia ilivuja kwenye vyombo vya habari vya Italia, na usiku ule ule watu wakakimbilia stesheni za Milan kuwahi treni za kusini. Siku nne baadaye rais wa Marekani alihutubia taifa na kusitisha safari kutoka sehemu kubwa ya Ulaya, kwa maneno ambayo wengi waliyaelewa kwamba yanawahusu hata raia wake. Wamarekani waliokuwa Ulaya wakanunua tiketi usiku huo huo kwa bei yoyote. Mwisho wa wiki ule, uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ulijaa watu waliosimama kwa saa nyingi bega kwa bega kwenye foleni ya ukaguzi wa afya.

Watu wale wa Milan na Chicago hawakuwa wameacha kuogopa ugonjwa. Waliuogopa kama kila mtu. Lakini hofu ya kukwama iliipita ile ya kuugua, na zikawavuta pande mbili tofauti. Hofu ya ugonjwa humwambia mtu akae. Hofu ya kukwama humwambia akimbie, tena sasa hivi. Hili ndilo jambo ambalo mazungumzo yetu kuhusu "hofu ya umma" hulikosa kwa kuzichanganya hofu zote kwenye kapu moja. Serikali inapotangaza kufunga inadhani inaongeza tahadhari, kumbe kwa saa zile chache inaongeza mwendo.

Na isidhaniwe kwamba kukwama ni ndoto za watu wenye wasiwasi. Australia ilifunga mipaka Machi 2020, ikaweka kikomo cha wanaoingia, na makumi ya maelfu ya raia wake wakabaki nje, wengine kwa zaidi ya mwaka. Mei 2021 ilifika mahali pa kuwatishia kifungo cha hadi miaka mitano raia wake ambao wangerudi wakitokea India. Uingereza ilimtoza msafiri mmoja mtu mzima pauni 2,285 kwa karantini ya hoteli akitoka nchi iliyokuwa kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi zilizohesabiwa kuwa za hatari. Novemba 26, 2021 ndege mbili kutoka Johannesburg zilitua Schiphol, Amsterdam, zikiwa na abiria 624. Sheria zilikuwa zimebadilika wakiwa angani. Walikaa saa nyingi ndani ya ndege kwenye lami, kisha wakasubiri tena ndani ya jengo hadi vipimo vitoke. Waliokutwa na korona walikuwa 61, na wale wengine zaidi ya 500 walikuwa wamekaa nao siku nzima. Mtu aliyesoma habari hiyo halafu akaghairi safari yake ya Krismasi hakuhitaji kujua chochote kuhusu kirusi kipya. Alihitaji kujua tu kwamba sheria inaweza kubadilika akiwa juu ya mawingu.

Hofu ya tatu niliwahi kuiona kwa macho. Nilikuwa kwenye foleni ya kuingia nchi fulani wakati wa mlipuko, na mbele yangu alikuwapo mwanamke wa makamo aliyekuja mbio kutoka ndege nyingine, shingo ikimtiririka jasho. Alipomwona mhudumu mwenye kipimajoto cha bastola, alitoka kwenye foleni, akamimina maji ya chupa kwenye kitambaa, akajikanda paji la uso na nyuma ya masikio, akapumua, akarudi nyuma yangu. "Nikijaa joto hapa wataniweka," aliniambia bila mimi kuuliza. Hakuwa mgonjwa, hilo nina hakika nalo kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika. Lakini angekuwa mgonjwa angefanya vivyo hivyo, na angefaulu. Kipimajoto kile kilikuwa kimemfundisha kuficha.

Vipimajoto hivyo vina historia ya kusikitisha. Canada iliwakagua mamilioni ya abiria wakati wa SARS bila kumkamata mgonjwa hata mmoja. Mtu anaweza kubeba kirusi siku kadhaa kabla homa haijaanza, na anaweza kumeza vidonge vya kushusha homa saa mbili kabla ya kutua. Ninavyoona mimi, kazi kubwa ya vifaa hivi ni kuonekana, na kuonekana kwenyewe si jambo la bure: kila abiria anayeelekezewa bastola kwenye paji la uso anapata ujumbe kwamba hatari ipo hapa, na kwamba inaweza kuwa yeye. Oktoba 2024, wakati wa mlipuko Rwanda wa Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola, njia mbili za treni zilifungwa katika stesheni kuu ya Hamburg baada ya mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Rwanda kujisikia vibaya safarini. Zimamoto wakaja na mavazi ya kujikinga mwili mzima, na picha zikazunguka dunia. Vipimo vilionyesha hakuwa na Marburg. Aliyeziona zile picha huenda hakusikia majibu ya vipimo, lakini alijifunza kitakachompata yeye akisema kwa sauti kwamba anajisikia vibaya akiwa kwenye treni.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi. Kama watu wakiogopa hukaa nyumbani, na wakikaa nyumbani ugonjwa hupungua, kwa nini tutake kuipunguza hofu? Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walichunguza data za simu za mkononi Marekani mwaka 2020. Waligundua kwamba watu kwenda madukani na kwenye biashara kulishuka kwa asilimia 60, na katika hizo 60, amri za serikali zilieleza 7 tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa uamuzi wa watu wenyewe, ulioonekana kufuata idadi ya vifo vya karibu nao. Wanaotetea hofu wana haki ya kuinukuu kazi hiyo. Hata safari za kimataifa, zilizoporomoka kwa karibu robo tatu mwaka ule, haziwezi kuelezwa kwa mipaka peke yake, maana watu waliacha kusafiri hata ndani ya nchi ambako hakuna aliyewazuia.

Jibu langu ni kwamba hofu iliyofanya kazi ile ni ya kwanza, na mimi siigusi. Aogope. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, na wakati wa mlipuko kauli hiyo inakaribia kuwa sera ya afya. Ninazotaka zipunguzwe ni mbili zinazoiharibu, kwa sababu ndizo humfanya mtu akimbie kabla ya mji kufungwa, ameze vidonge kabla ya kutua, akatae kutaja alikotoka, apite njia ya panya isiyo na kituo cha ukaguzi. Mtu mmoja anaweza kuwa mwangalifu sana kwa hofu moja na kuwa hatari kwa wenzake kwa nyingine, asubuhi ile ile.

Katika hili watu wa kale walikuwa wajanja kuliko sisi. Wengi wetu tunakijua kisa cha Khalifa Umar katika karne ya 7, alipokuwa njiani kwenda Sham, eneo la Syria ya leo na jirani zake, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na watu wake, wakatofautiana, mwisho akaamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf na mafundisho ya Mtume: mkisikia tauni iko mahali msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke mkiikimbia. Watu hulitaja sana fundisho hilo kama karantini ya kwanza. Mimi huwa naona kwamba nusu zake mbili hazina uzito sawa. Nusu ya kwanza inaafikiana na hofu, haihitaji askari. Nusu ya pili inamwomba mtu ashindane na miguu yake mwenyewe, na ndiyo inayohitaji imani, au pasipo imani, dhamana.

Mji wa Ragusa, Dubrovnik ya leo nchini Croatia, ulipotunga sheria mwaka 1377 ulielewa suala la dhamana kwa namna yake. Wasafiri kutoka sehemu zenye tauni walitakiwa kusubiri siku 30 mahali palipotengwa kabla ya kuingia. Baadaye siku hizo zikawa 40, na ndipo likapatikana neno karantini, kutoka neno la Kiitaliano la arobaini. Ulikuwa mzigo mkubwa, lakini mfanyabiashara alijua mapema mahali, alijua idadi ya siku, na alijua kwamba siku zikiisha anaingia. Angeweza kuliweka hilo kwenye hesabu ya safari yake kama anavyoweka upepo. Linganisha na abiria wa 2021 ambaye orodha ya nchi ilimbadilikia kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Sidhani watu huikimbia karantini kwa sababu ni ndefu. Wanaikimbia isiyo na tarehe.

Kuna serikali zinazodhani njia fupi ni kunyamaza: taarifa zikiwa chache, hofu itakuwa ndogo. Korea Kusini ilijaribu mwaka 2015 ilipoingiwa na MERS, ugonjwa wa njia ya hewa wa jamii moja na SARS. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Mei 20, na mamlaka zikakataa kutaja hospitali zenye wagonjwa ili watu wasitaharuki. Watu wakatengeneza ramani yao mtandaoni kutokana na tetesi, na hospitali zikawekwa humo kwa kusikia tu. Juni 7 serikali ikasalimu amri na kutaja majina. Mwezi ule wageni kutoka nje walipungua kwa takriban asilimia 40, kwa ugonjwa ambao hadi mwisho uliambukiza watu 186. Mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio kilikuja na hasara ya utalii juu yake.

Kosa la upande mwingine ni kudhani hofu ikishakuwepo itadumu. Aprili 14, 2020 viwanja vya ndege vya Marekani vilikagua abiria wasiofika 90,000. Msimu wa Krismasi wa 2021, siku nyingi vilikuwa vikikagua zaidi ya milioni 2 kwa siku, wakati Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, inapanda kuelekea siku ya Januari ambayo nchi hiyo ingerekodi visa zaidi ya milioni moja kwa siku moja. Chanjo zilikuwa zimebadilisha maana ya kuambukizwa, hilo ni kweli na ni kubwa. Lakini si chanjo peke yake. Ugonjwa ulikuwa umezoeleka, na sheria za safari ndani ya nchi zilikuwa zimetulia kiasi kwamba mtu alijua akienda atarudi.

Kwa hiyo kama nchi inataka watu wafuate ushauri wa afya katika mlipuko ujao, matangazo yasemayo "karibuni, kuko salama" ni fedha za kutupa. Anayeyasoma anajiuliza mbona wanasisitiza. Afadhali itangaze mambo ya kuchosha: zuio lolote litakuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo humo, aliyeko angani sheria inapobadilika atahukumiwa kwa sheria iliyokuwepo alipopanda, raia harudishwi mlangoni kwake, gharama ya karantini inabebwa na aliyeiamuru, tiketi inabadilishwa bila faini kwa mwenye dalili, ili asiwe na sababu ya kumeza kidonge na kupanda. Hili la mwisho linazigusa kampuni za ndege moja kwa moja, na najua zitalalamika. Lakini tiketi isiyobadilishika ni hongo ya kumsafirisha mgonjwa. Mambo haya hayafanyi safari ionekane salama zaidi. Yanamwezesha mtu kuiogopa hatari inayostahili kuogopwa, na hiyo tu.

Dhamana hiyo hiyo zinaihitaji nchi, si abiria tu. Novemba 25, 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walisimama mbele ya kamera na kueleza kwamba wamepata aina mpya ya kirusi cha korona. Kesho yake Uingereza ikazizuia ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika, na nyingine nyingi zikafuata. Novemba 30 Uholanzi ikagundua kwamba sampuli zake za Novemba 19 na 23 tayari zilikuwa na Omicron; ilikuwepo Ulaya kabla ya kutangazwa Afrika. Desemba 15 Uingereza ikaziondoa nchi zote kwenye orodha nyekundu kwa sababu kirusi kilikuwa kimeshaenea ndani ya mipaka yake. Orodha ilidumu chini ya wiki tatu. Hoteli na waongoza watalii wa kusini mwa Afrika walikuwa wameshapoteza msimu wa Desemba, na hakuna aliyewalipa kwa huduma ambayo maabara za nchi yao ziliifanyia dunia. Kanuni mpya zinazitaka nchi zitoe taarifa mapema. Ofisa wa afya atakayepokea majibu ya ajabu kutoka maabara, siku ya Alhamisi, msimu wa utalii ukiwa umebakiza wiki tatu, ataipigia simu wizara yake ya utalii kabla ya kuipigia WHO kule Geneva au baada?